Barua ya maziwa imekataliwa na seva, kisha nikalinganishwa na mtoto wa chekechea (PP1)

KaraniWaBuruburu (mwenye uzi)
Wanajukwaa, naandika haya nikiwa bado natetemeka kwa hasira, na jina la mtu sitalitaja, kwa sababu kila aliyewahi kufanya kazi katika jengo letu la Upper Hill anamjua: ni yule yule bwana wa seva, anayetembea na funguo nyingi kuliko askari wa gereza la Kamiti. Leo asubuhi, mbele ya vijana wa mafunzo na mbele ya mama anayetupikia chai, ameniambia kwamba hata mtoto wake wa PP1 anajua kuchagua rangi.

Kisa chenyewe ni maziwa. Nikiwa kwenye matatu, msongamano wa Jogoo Road umetugandisha pale City Stadium, nilimwandikia muuzaji wetu barua pepe ya mstari mmoja kwa simu, nikimwomba alete maziwa ya chai ya saa nne. Hatujafika Muthurwa, barua imerudi na namba 550 5.7.1, pamoja na maelezo kwamba ujumbe umekataliwa kwa kuwa mwandishi hakuonyesha daraja la usiri. Daraja la usiri la maziwa! Tangu Jumatatu seva hairuhusu barua yoyote kupita bila mojawapo ya lebo nne, yaani Ya Umma, Ya Ndani, Ya Siri na Siri Kuu, kila moja na rangi yake, nami nikiwa mezani sijawahi kukataa kuchagua, maana kwenye kompyuta vitufe vyake vinaonekana juu ya barua. Kwenye programu ya barua iliyokuja na simu yangu hakuna kitufe, hakuna lebo, hakuna rangi. Nilipanda ngazi hadi kwake (lifti imekufa, lakini huo ni uzi mwingine) nikamnyooshea simu aone. Hakuitazama. Aliendelea kumenya ndizi yake, akatamka lile neno la PP1, na vijana wakacheka.

Narudia ili mnielewe: rangi hazikuwapo. Amri ya kukagua ameiweka kwenye seva, ambako barua zote hupita. Mahali pa kuchagulia amepaweka kwenye kompyuta za mezani peke yake. Halafu mwenye simu ndiye anayelinganishwa na mtoto wa PP1. Ofisi nzima imekunywa strungi, chai isiyo na maziwa, pamoja na wageni waliokuja kutukagua hesabu.

MzeeWaKayole
Pole, dada, ingawa kosa la bwana huyo silioni. Alikutaka uchague rangi, nawe ukawachagulia watu chai ya rangi.

Bawabu_wa_Barua
Tuweke vichekesho kando kidogo. Lebo hizo huandikwa katika vichwa vya barua, sehemu ambayo msomaji wa kawaida haioni, na katika itifaki ya SMTP, yaani utaratibu ambao seva hutumia kutumiana barua pepe, vichwa hivyo husafiri pamoja na mwili wa barua baada ya amri ya DATA. Kwa hiyo seva hulazimika kuipokea barua yote, viambatisho vikiwemo, ndipo iweze kuikataa kwa kukosa lebo, na namba inayoanza na 5 maana yake ni kwamba ukiituma tena vilevile utakataliwa tena. Anayeijua kazi hii huanza kwa kuiacha kanuni katika hali ya majaribio: barua zinakwenda kama kawaida, na seva inaandika tu kwenye kumbukumbu zake zipi zingekataliwa. Angezisoma kumbukumbu hizo kwa wiki kadhaa, angekutana na simu zote za jengo. Tena angeweza kuiamuru seva yenyewe iipe lebo ya Ya Ndani kila barua inayokuja bila lebo. Dada, hebu fungua barua yoyote aliyokuandikia yeye, utazame vichwa vyake. Nashuku wasimamizi wamejiweka kwenye orodha ya wasioguswa na kanuni.

KaraniWaBuruburu
Nimetazama. Barua yake ya Jumatatu, ile ya kututangazia kwamba hakuna barua itakayopita bila lebo, haina lebo. HAINA. Na aliyelinganishwa na mtoto wa PP1 ni mimi.

Wakili_Mtoro
Mnamwonea mtu wa watu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwaletea madhara, ofisi ina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ilipogundua, na faini yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea kipi ni kidogo. Sheria haitaji lebo wala rangi, nakubali, lakini mkubwa wa teknolojia anayejua atakayeulizwa siku hiyo ni yeye hawezi kulala.

MamaRisiti
Wakili, kwetu Industrial Area lebo zipo na usingizi hakuna. Ukichagua Siri Kuu, kompyuta inakudai sababu, kisha inakuuliza kama una uhakika. Ukichagua Ya Umma haikuulizi lolote. Kwa hiyo kila mtu amehamia Ya Umma. Mwezi uliopita orodha ya mishahara, yenye namba za vitambulisho vya watu, ilitoka ikiwa na lebo ya Ya Umma, na seva ikaipitisha bila kukohoa, kwa sababu kanuni ilikuwa inauliza kama lebo ipo, haikuwa inauliza kama ni ya kweli. Maziwa yenu yangalau yalilindwa.

Fundi_wa_Githurai
Ninyi mna vidole vya kuchagulia. Mashine yetu ya kunakili huchanganua hati na kuzituma kwa barua pepe, nayo haina namna ya kuweka lebo, kwa hiyo tangu kanuni ianze kila hati inakataliwa. Majibu ya kukataliwa yanarudi kwenye anwani ya mashine, ambayo hakuna anayeisoma. Watu walidhani imeharibika, wakaniita niifungue. Nimeifungua, nimeisafisha, nimebadilisha na roli.

KaraniWaBuruburu
Naona tumehamia kwa mashine. Alinitukana mbele ya mama wa chai, jamani.

Bawabu_wa_Barua
Fundi, waambie waisamehe mashine hiyo kwa kutumia anwani yake ya IP ya ndani, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao wa ofisi. Wasitegemee jina la mtumaji peke yake, kwa sababu jina hilo mtu yeyote anaweza kulighushi, na hapo mtakuwa mmefungua mlango wa nyuma kwa kila anayejua barua pepe ya mashine.

Fundi_wa_Githurai
Anwani hiyo hubadilika kila umeme ukipotea, na huku kwetu umeme unapotea.

Bawabu_wa_Barua
Basi ruta, kifaa kinachogawa anwani hizo, iamriwe kuipa mashine anwani ile ile kila inapowaka.

MzeeWaKayole
Na sisi ambao ruta imefungiwa kwenye chumba cha mwenye nyumba?