Nimejiandikisha mbio ndefu za ramani na dira peke yangu, nikipotea msituni nifanyeje?

Binti_Pangani
Wakuu shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Mimi ni mtu wa Tanga ila mwaka wa nne sasa naishi Västerås huku Sweden. Kazini walinivuta kwenye mchezo wao mmoja wanauita orientering, unakimbia msituni na ramani na dira tu, hakuna njia iliyowekewa alama. Ramani unaipata pale pale unapoanza, vituo vimechorwa vimduara vya zambarau, ukifika unakuta kibendera cha chungwa na nyeupe, unagusisha chipu iliyo kidoleni inalia pii halafu unatafuta kinachofuata kwa mpangilio.

Mwanzo nilikua nakimbia zile fupi fupi na nikaupenda sana jamani, ule utulivu wa msitu sijawahi kuupata kwenye kitu kingine. Sasa nimejiandikisha ile ndefu kabisa, kilomita 24 kwa kupima mstari ulionyooka kituo hadi kituo, kwa miguu itafika 30 na kitu, na ni mtu mmoja mmoja. Imebaki wiki tatu.

Kilichonitia hofu ni mwezi uliopita. Kuelekea kituo cha 9 nilifika kwenye jiwe kubwa lenye ukoka wa kijani kama ramani ilivyosema, pembeni kinamasi, kila kitu sawa, ila kibendera hakuna. Nikazunguka lile jiwe, nikaenda jingine, nikarudi, viatu vimejaa tope hadi kwenye soksi, mara nikaona kaka anapita nikamkimbilia nyuma nikidhani anaenda kituo changu kumbe yeye kozi nyingine, yani ana mpangilio wake wa vituo, kufika kituo chake namba siyo yangu. Nilipoteza dakika 50. Nilikaa chini nikalia, sio kwa maumivu, ni kwamba nilikua sijui niko wapi duniani na hakuna wa kumuuliza.

Naomba ushauri kwa wanaojua, mtu ukiwa peke yako ukipotea unafanyaje? Na chakula kwa masaa matano sita unakulaje? Mume wangu anasema nijitoe.

Mzee_wa_Dira
Marahaba binti, pole sana. Mimi nimefundisha kusoma ramani jeshini miaka mingi kabla sijastaafu, hilo lililokupata nalijua. Ulikua kwenye kinamasi cha jirani. Viko viwili vimelala sambamba, mawe yanafanana, we umetoka upande mita 150 tu, na akili ikishaamini iko mahali inalazimisha kila kitu kifanane na ramani. Hata kilima kisichokuwepo utakiona.

Dawa ni moja tu, SIMAMA. Ukifika mahali kitu hakipo usianze kuzunguka, kuzunguka ndo kunakupoteza zaidi maana kila hatua inafuta ulichokua unakijua. Simama, laza dira, geuza ramani mpaka kaskazini ya ramani ikae na kaskazini ya dira, halafu jiulize mara ya mwisho niliyokua na UHAKIKA nilikua wapi. Sio nilipodhani. Nilipokua na uhakika. Ukishindwa kujijibu ndani ya dakika mbili au tatu, rudi pale hata kama ni mita 400 na roho inauma. Dakika 6 za kurudi ni nafuu kuliko 50.

Na pima hatua zako. Nenda msituni kwenye umbali wa mita 100 unaoujua, hesabu mguu wa kulia tu ukikimbia, ukitembea, ukipanda. Andika.

Kaka_Halden
Mi niko Norway mpakani na Sweden, nacheza huu mchezo mwaka wa 11. Mzee kaongea kitu. Wao wenyewe Waswidi wana neno *sista säkra*, yani mahali pa mwisho pa uhakika kabla ya kituo. Usiende kituoni moja kwa moja kutoka mbali, chagua kwanza kitu kikubwa kisichokosewa karibu nacho, kona ya barabara, mwisho wa ziwa, makutano ya njia, kimbia kwa nguvu mpaka hapo, HALAFU punguza mwendo, shika dira, tembea ikibidi, mita 100 au 200 za mwisho ndo zinataka macho. Wewe dada naona ulifanya kinyume, ulikimbia karibu na kituo ukapumzika mbali.

Pia kabla ya kuondoka jiulize nikipitiliza nitajuaje. Kama nyuma ya kituo kuna mtaro au uzio, basi ukiugonga unajua umepita, geuka.

Kumfuata mtu acha kabisa. Kwanza sheria inataka kila mtu atafute njia yake mwenyewe, pili ndo hivo ulivyoona, msitu mmoja una kozi hata kumi. Soma namba ya kituo kwenye karatasi ya maelezo kabla hujakigusa.

Halafu usiianze kwa kasi. Wanaume wa mashindano ya dunia ile ya masafa marefu inapangwa mshindi amalize dakika 90 hadi 100, wewe utakaa mara tatu ya hapo au zaidi. Kwenye kipande kirefu cha kilomita mbili tatu toka kituo hadi kituo, barabara ya kuzunguka mara nyingi inalipa, sisi tunahesabu mita 10 za kupanda ni kama mita 100 za tambarare, na ukiwa barabarani unapata nafasi ya kula na kusoma vituo vinavyofuata.

Chausiku88
Mi naungana na mumeo dada. Mwanamke peke yako msituni masaa sita nchi za watu, ukivunjika mguu nani anajua? Mbona kuna zile za timu za masaa 24, rogaining, zilianzia Australia 1976, zile hawakuruhusu kwenda peke yako, lazima muwe wawili mpaka watano. Si bora utafute mwenzio.

Binti_Pangani
Chausiku asante kwa kujali, nimelisoma mara mbili. Ila mi nataka hii ya peke yangu kwa sababu nikiwa na mtu naachia yeye afikirie. Nimefanya hivo maisha yangu mengi. Lile la kuvunjika mguu linanisumbua kweli, Kaka Halden hapo wanafanyaje?

Kaka_Halden
Filimbi shingoni. Ishara ya kuomba msaada milimani ni milio 6 ndani ya dakika, unanyamaza dakika, unarudia. Simu weka kwenye mfuko usiopitisha maji, uliza waandaaji kama wanaruhusu uibebe kwenye begi ikiwa imezimwa. Na kubwa kuliko yote, HATA UKIJITOA LAZIMA UENDE FINISHI chipu isomwe. Wasipoiona wanajua bado uko ndani wanaanza kutafuta. Mwambie mumeo hilo, mke wangu ndo lilimtuliza.

Mama_Tende
Chakula: usisubiri njaa. Mi ni mkimbiaji wa marathoni tu sio ramani, ila ukichelewa kula kichwa ndo kinaanza kufa kabla ya miguu, na wewe kichwa ndo unakitegemea. Kila nusu saa kitu kidogo. Tende uzitoe kokwa nyumbani kabisa, kashata ya karanga uikate vipande vya kutosha mdomo mmoja, na kitu cha chumvi maana utamu peke yake ukifika saa la nne unakinaisha. Vijaribu mazoezini kwanza tafadhali.

Binti_Pangani
Wakuu nimerudi. Alhamisi nimeenda msituni peke yangu, rafiki wa klabu kanichorea vituo vinne bila vibendera, nijithibitishie mwenyewe. Vitatu nimevipata safi. Cha nne kikakataa, jiwe lipo ila mteremko unaangalia mashariki wakati kontua, ile mistari ya miinuko kwenye ramani, zinasema magharibi. Moyo ukaanza kwenda mbio. Nikasimama, nikasema kwa sauti "Mzee kasema simama". Nikarudi mpaka kwenye kona ya njia, nikahesabu hatua 88 za mguu wa kulia, nikakiona. Nilitumia dakika 7 zote. Mzee Mungu akubariki sana.

Mume kasema atakuja kukaa kituo cha maji cha pili. Swali la mwisho, hawa kupe?

Kaka_Halden
Uko ukanda wa ziwa Mälaren, kama hujachanja chanjo ya TBE, ugonjwa wa ubongo unaoletwa na kupe, kaulize wiki hii hii. Vaa suruali ndefu, soksi juu yake. Ukifika nyumbani angalia nyuma ya magoti, kinena, kwapani na kwenye nywele, mumeo akusaidie kwa tochi.