Naomba ushauri: kishimo cha kutu kwenye mguu wa ndege
Wakuu, naombeni mawazo. Kwenye ukaguzi wa mguu mkuu wa ndege, ule unaobeba magurudumu, tumekuta rangi imebanduka karibu na pini ya egemeo, na chini yake kishimo cha kutu, kidogo kama kichwa cha sindano. Chuma chenyewe ni aina ya feleji iitwayo 300M: kina nguvu ajabu, ila ufa ukianzia kwenye kishimo kama hicho hauna huruma. Bosi anataka tusugue, tupake rangi, ndege irudi kazini. Mimi naona bila kupima kwa chembe za sumaku (zinazoonyesha nyufa zisizoonekana kwa macho) baada ya kusugua tunabahatisha tu. Mwongozo unatoa kikomo cha kina cha kusugua, lakini kwa pale kwenye kona, kilipo kishimo, umekaa kimya. Waliokutana na hili, mlimwandikia mtengenezaji kwanza au mliung'oa mguu mzima?