Katibu wetu anahama na hakuna anayetaka kupokea daftari. Naombeni ushauri

MamaTabata:
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa mtaani Tabata. Tuko kaya kama sitini. Kila kaya inachanga elfu tano kwa mwezi, na mwenzetu akifiwa tunapeleka rambirambi, turubai, viti na chakula cha siku ya mazishi. Viongozi wote tunajitolea.

Katibu anahamia Dodoma kikazi mwezi ujao. Tangu tuanze, yeye ndiye anayejua nani kalipa na nani anadaiwa, ndiye admin wa kundi la WhatsApp, na saini yake iko benki. Kwenye mkutano nilipouliza nani apokee, kila mtu aliinamia simu yake. Nikamfuata nyumbani mama mmoja ambaye kwenye misiba ndiye anayeongoza jiko zima. Humdanganyi kuhusu kilo ngapi za mchele zinatosha watu wangapi. Akanijibu, "Nikishika hela za watu nitasingiziwa." Naamini anaweza. Nimbembeleze? Tuanze kulipa posho? Ninaogopa kikundi kisije kikafa na sisi tukiwa hai.

Mzee wa Kamati:
Mwenyekiti, shikamoo ya kazi. Usitafute mtu wa kufanana na anayeondoka, hutampata. Huyo katibu amebeba kazi za watu watatu, na wanachama wameona mzigo wote, ndiyo maana wanakimbia. Igawe: mmoja michango, mmoja muhtasari wa vikao, mmoja WhatsApp na taarifa za misiba. Halafu katibu asishike kalamu tena kuanzia leo. Mpokeaji aandike, yeye akae pembeni akimsahihisha. Mwezi huo mmoja ni mali, msiupoteze.

Hisa_Kwanza:
Naunga mkono. Angalieni vikundi vya hisa, vile vya kuweka na kukopa, vya mfumo ule ulioanzishwa na shirika la misaada la CARE kule Niger mwaka 1991. Kisanduku cha hela kina kufuli tatu, na wanaotunza funguo ni wanachama wa kawaida, si wa kamati. Hela zinahesabiwa mbele ya wote, na uchaguzi ni kila mwaka. Mtu anaanza na ufunguo tu. Akizoea kuaminiwa, mwakani hashtuki akitajwa kuwa mweka hazina.

Na hofu ya huyo mama ni ya haki kabisa. Usimwambie "usiogope", mwondolee sababu ya kuogopa. Michango iingie benki au kwenye simu ya kikundi, isipite mkononi mwake, na hesabu isomwe kila mkutano.

Nakuru_Chama:
Kuhusu posho, sisi huku Nakuru tulijaribu. Uchaguzi uliofuata watu waligombania kiti kwa sababu ya hiyo pesa, na wale wachapakazi wakajitoa. Tuliiondoa.

Dada wa Mbagala:
Mkuu wa Nakuru, sikubaliani nawe kwa yote. Kujitolea si kutumia nauli yako, vocha yako na bando lako kila msiba. Hiyo inawafungia nje wanachama maskini, uongozi unabaki kwa wenye uwezo. Rudisheni gharama kwa kiwango kilichopitishwa mkutanoni.

Mhasibu wa Kujitegemea:
Jambo la haraka kuliko yote: saini ya benki. Fanyeni mkutano kabla hajasafiri, muhtasari uandike wazi nani anatoka na nani anaingia. Kwa kawaida benki huomba muhtasari huo uliosainiwa, katiba na vitambulisho. Watu wakishatawanyika, kuirekebisha ni mateso. Makabidhiano ya daftari yawe kwa maandishi, na salio litajwe.

MamaTabata:
Mungu awabariki. Jana nimerudi kwa yule mama. Amekubali michango peke yake, kwa sharti la hesabu kusomwa kila mkutano na mwanachama mwingine kuhakiki. Kijana mmoja wa bodaboda amejitolea WhatsApp, maana habari za msiba humfikia yeye kwanza. Bado wa muhtasari.

Mzee wa Kamati:
Safi sana. Sasa na wewe mwenyekiti, makamu wako ameshaendesha mkutano hata mmoja?

MamaTabata:
Hapana, mzee. Nimempigia sasa hivi, Jumapili ataongoza yeye na ajenda anaiandaa mwenyewe. Mimi nitaandika muhtasari, mpaka tumpate wa kuushika.