Upepo ya kuzunguka, mulishaionaka?

Juzi niko Kituku naona maji ya ziwa Kivu inapanda juu sawa kamba, wingu inaivuta, batu ba boti bakapiga kasia mbio kuelekea ng'ambo. Huku Goma tumezoea radi na manjanja (mabati ya nyumba) kuruka. Mulioko Marekani, yenu iko namna gani?

— Yaya, ile ya ziwa ni ya kutazama tu. Niko Iowa, tarehe 10 Agosti 2020 derecho, upepo kali ya zoruba, ilipita muji ya Cedar Rapids, haikuzunguka, ilisukuma moja kwa moja, karibu kilomita 225 kwa saa, miti ikalala, umeme ikakosa siku mingi, nyama ya friji yote ikaoza.

— Na sireni ya kuonya upepo ikilia unashuka ku kave, chumba ya chini ya nyumba, haubaki ku dirisha kufilime. Watoto njo bananivutaka mukono.

— Kave wapi, huku Goma chini ni mawe ya volkano 😂