MREJESHO: Gemu la nyambizi alilolicheza baba mdogo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza gemu gani lile baba mdogo alilolicheza enzi za ubaharia wake, unachungulia kwenye periskopu (bomba la nyambizi la kuonea juu ya maji) na kuzamisha meli. Mlitaja mawili: Periscope ya kampuni ya Sega, ya 1966, na Sea Wolf ya kampuni ya Midway, ya 1976.

Jumapili nilipanda kwake Kibosho na laptopu. Nikamwonyesha Sea Wolf kwenye emuleta, ile programu ya kuchezea magemu ya zamani kwenye kompyuta. Alipoona meli zikikatiza juu na mabomu yakielea katikati, akasema, "Ndiyo hii hii, mwanangu!" Periscope ilikuwa na meli za kadibodi na taa za rangi badala ya torpedo (makombora ya chini ya maji), kwa hiyo haikuwa yenyewe.

Nililalamika pia kwamba nakosa kila mara. Aliyeniambia nilenge mbele ya meli, Mungu akubariki. Torpedo inachukua muda kufika. Ukilenga meli yenyewe inakuta imeshapita. Ile boti ndogo ya kasi bado inanitesa, na ukimaliza torpedo unasubiri zijazwe huku muda unayoyoma.

Mzee alicheza mpaka chaji ikaisha. Tangu astaafu sijamwona akicheka vile. Asanteni sana.