Kware 60, wiki ya 12, mayai matatu kwa siku. Nisaidieni wakuu

Mkulima wa Pasua: Wakuu heshima. Niko Moshi. Nina kware 60 nyuma ya nyumba, wametimiza wiki ya 12, na kwa siku naokota mayai matatu, yakizidi manne. Chakula nawapa cha kuku wa mayai, maji safi, hadi majivu nimewamwagia waoge. Niliambiwa kufika wiki ya saba banda linajaa mayai. Mama watoto hasemi neno, anahesabu tu mifuko ya chakula. Nakosea wapi?

FundiBanda: Mwanga. Kware anataka saa 14 mpaka 16 za mwanga ndiyo atage vizuri. Funga taa.

Kisusio73: Kwa baridi hii ya Julai hata mimi nisingetaga.

Mama Pacha Sakina: Mimi huku Arusha nilifuga 2014, enzi zile yai la kware linatibu kila kitu. Kenya nako walikimbilia humo humo, bei ikaporomoka. Trei zikanidodea, tukala mayai asubuhi, mchana na jioni. Wanangu mpaka leo wakiona yai lenye madoa wanakimbia. Vijana mnapenda sana njia za mkato.

Mkulima wa Pasua: Shikamoo mama. Taa ipo, inawaka mpaka saa nne usiku.

FundiBanda: Majike wangapi, madume wangapi?

Mkulima wa Pasua: Sijawahesabu kihivyo mkuu.

FundiBanda: Usinizungushe. Vifua vina madoadoa meusi au vyekundu kama tofali?

Mkulima wa Pasua: Wengi vyekundu. Muuzaji aliniambia nichague mwenyewe, nikachukua wenye kifua cha kupendeza na wanaolia kwa nguvu. Niliona ndio wenye afya.

Kisusio73: 😂😂 Umenunua kwaya ya akina baba.

FundiBanda: Hao madume. Mminye chini ya mkia, akitoa povu jeupe ndiye. Dume mmoja anatosha majike watatu, waliobaki ni mchuzi.

Mkulima wa Pasua: Sawa, ila muuzaji si mtu mbaya, ni wa ukoo. Nimeshamtangulizia nusu ya hela ya wengine 200, nawachukua Jumamosi. Halafu si kwamba nimefeli kabisa, kuna mmoja tangu juzi anaatamia.

Mpelelezi wa Uzi: Hapo nimeshtuka. Kware wa kufugwa kuatamia ni nadra mno, ndiyo maana mayai tunaweka kwenye mashine siku 17 au 18. Hii chai. Wiki ijayo atatuuzia vifaranga.

Kisusio73: Tena chai ya tangawizi.

Mkulima wa Pasua: Haki ya Mungu! Yuko kwenye kona, kajikunyata, manyoya kayatutumua, hali wala hanywi, hata ukimgusa hatoki.

Mama Pacha Sakina: Baba, huyo anaumwa.

Mkulima wa Pasua: Nimetoka bandani sasa hivi. Amekufa. Nimemwinua, chini hakuna yai hata moja.

Ila wakuu, hao 200 wa Jumamosi, nikichagua wenye madoa si itakuwa sawa?