Mke na mume gari moja: usingizi, saa za kazi na maisha ndani ya kabini

Bi_Usukani:
Wakuu, habari za majukumu. Mimi na mume wangu wote tuna leseni ya lori kubwa, na tunataka kuingia gari moja la safari ndefu: mmoja anaendesha, mwingine amelala, tunapokezana. Tumeomba kazi Marekani na Ulaya, bado hatujasaini popote. Wanaoijua kazi hii watufafanulie saa za kazi zinahesabiwaje mkiwa wawili, mtu analalaje gari likiwa linatembea, na umeme wa kabini unatosha kwa vitu gani. Na mambo ya ndoa pia msiyaruke, maana kabini ni chumba kimoja.

Kalamu_na_Gia:
Dada, kabla ya godoro na friji anza na sheria, kwa sababu Marekani na Ulaya kwa watu wawili ni kazi mbili tofauti kabisa. Marekani, usingizi wa kitandani gari likitembea unahesabika kuwa mapumziko. Ulaya hauhesabiki, mapumziko ya siku ni mpaka gari lisimame.

Marekani kila dereva anaruhusiwa kuendesha saa 11, zote ziishe ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi, kisha apumzike saa 10 mfululizo. Akishaendesha jumla ya saa 8 lazima akatize kwa dakika 30. Zile saa 10 si lazima zote awe amelala: akikaa kitandani saa 7 mfululizo, saa zisizozidi 3 zinazotangulia au kufuata anaweza kuzimalizia kiti cha abiria huku gari linatembea, na bado zikahesabiwa. Hizo saa 3 ndizo zenu za kula na kuongea, kwa hiyo zipangeni mapema, la sivyo mtapishana wiki nzima kama walinzi wa zamu.

Angalieni pia kikomo cha jumla. Kampuni inayofanya kazi siku zote za wiki inakwenda kwa saa 70 za kazi ndani ya siku 8, yaani wastani wa saa 8 na dakika 45 kwa siku. Mwajiri akiwaambia gari litatembea saa 22 kila siku bila kusimama, mwombe apige hesabu mbele yenu: saa 11 kwa siku zinagonga 70 siku ya saba, na hapo hamjaweka ukaguzi, kupakia wala kujaza dizeli. Zikiisha, mapumziko ya saa 34 mfululizo ndiyo yanaanzisha hesabu upya.

Ulaya kila dereva ana saa 9 za kuendesha kwa siku, mara mbili kwa wiki anaweza kufika 10. Wiki isizidi 56, wiki mbili mfululizo zisizidi 90. Mkiwa wawili, kila mmoja awe amepata mapumziko ya saa 9 ndani ya saa 30 tangu mapumziko yaliyopita yalipoisha. Maana yake gari linaweza kuwa kazini hadi saa 21, halafu linasimama saa 9 na wote mnalala kwa pamoja. Kwa hiyo kabini lazima liwe na kitanda cha kila mtu. Kimoja hakitoshi hata kama ni mke na mume. Kinachokubalika gari likitembea ni ile dakika 45 inayodaiwa baada ya saa nne na nusu za usukani, mradi aliyepumzika hamsaidii dereva kwa lolote, hata kumsomea ramani. Na mapumziko ya wiki ya saa 45 hayaruhusiwi kufanyiwa ndani ya gari. Malazi ni juu ya mwajiri.

Kosa linaloongoza kwa wanaoendesha wawili ni la kifaa. Ulaya kadi ya anayeendesha inakaa tundu la 1 la takografu (kifaa kinachorekodi saa za usukani na mapumziko), ya mwenzake tundu la 2, na mnabadilisha kila mnapopokezana, gari likiwa limesimama. Marekani ni kubadilisha akaunti kwenye kifaa cha kielektroniki kinachorekodi saa. Mkisahau, saa zinaingia kwa aliyelala. Kwenye mfumo wa Marekani muda wa kuendesha uliojirekodi wenyewe haupunguzwi, ila unaweza kuhamishwa kutoka kwa dereva mmoja kwenda kwa mwingine ikiwa wote wawili mlikuwa mmeandikishwa kwenye kifaa kama wenza kwa muda huo. Aliyelala ambaye hakujiandikisha hana pa kuhamishia. Ulaya mnachapa karatasi ya kifaa hapohapo na kuandika nyuma yake kilichotokea.

Mzee_wa_Trela:
Mwenzangu kamaliza sheria. Mimi niseme la usingizi, maana hapo ndipo wengi wanavunjika, na wanavunjika wakidhani tatizo ni ndoa.

Anayeendesha anamfanyia kazi mwenzake aliyelala. Breki iguswe mapema na taratibu. Ukisubiri mpaka taa ya mbele ikulazimishe, kichwa cha aliyelala kinagonga ukuta. Kitanda kimekaa kwa upana wa gari, kwa hiyo kwenye barabara za kutokea zenye kona ya mzunguko, mwili unateleza kuelekea kichwani au miguuni. Ingia kona hizo polepole kuliko kibao kinavyosema. Kibao hakimjui mtu aliye nyuma ya pazia. Breki ya injini yenye mngurumo mkubwa nayo inaamsha, ila mteremkoni usiiache kwa ajili ya usingizi wa mtu. Breki za magurudumu zikichemka, mnapoteza vyote.

Mtu alale kitanda cha chini, cha juu kibaki cha kuwekea nguo au cha kulalia gari likiwa limeegeshwa. Na afungwe. Magari yenye kitanda yana wavu au mikanda ya kumzuia aliyelala asirushwe mbele breki ikikamatwa ghafla. Marekani ni lazima kisheria. Watu wanaukunja wavu na kuuweka chini ya godoro kwa sababu unabana. Jaribuni hivi: funga wavu, lala, mwenzako avute kwa nguvu zote. Wavu ukilegea kwenye ndoano, badilisha ndoano kabla ya safari.

Kama kabini linarukaruka kuliko zamani, msilaumu barabara kwanza. Nyuma ya kabini kuna mipira ya upepo na shokapu zake, tofauti na zile za ekseli. Egesha pahali tambarare, upepo ukiwa umejaa, utazame kwa nyuma: likiinama upande mmoja, mpira wa upande huo unavuja au vali ya kusawazisha imekwama. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, povu litakuonyesha. Shokapu yenye mafuta yaliyochuruzika na kushika vumbi imekufa hata kama haijakatika. Ni kifaa kidogo, lakini kikiharibika aliyelala anapata saa 3 za usingizi ndani ya saa 8 za kitanda.

Zamu ziwe ndefu na zisizobadilika. Kugawana saa 5 kwa 5 kunaonekana ni haki, ila kunamkata kila mtu usingizi katikati, maana toa muda wa kula, kunawa na kutafuta usingizi, unabakiwa na saa 3 au 4. Saa 9 hadi 10 kwa kila mmoja ni afadhali kwa sheria za Marekani. Saa ngumu ni kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri. Mwili unataka kulala hata kama mtu alilala mchana. Apewe zamu hiyo anayechelewa kulala kwa asili yake, asipewe kwa sababu ni mwanaume. Na akishaizoea msimbadilishe kila wiki.

Kahawa ya mwisho iwe saa 6 kabla ya kulala. Nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya kama saa 5. Ukiamka usikalie usukani papo hapo. Jipe nusu saa, kichwa kinakuwa bado kizito hata kama macho yako wazi. Vizibo vya masikio sawa, ila saa ya kuamsha iwe simu inayotetemeka chini ya mto, maana dereva hawezi kukufikia.

Usiku 3 au 4 za kwanza mtu halali, anasinzia tu. Hilo ni la kawaida. Ndiyo maana safari ya kwanza isiwe yenye muda wa kubana.

Fundi_Betri:
Umeme nitakwenda haraka. Friji ya kompresa ya volti 12 inavuta kama ampea 4 ikiwaka, na kwa kuwa inawaka na kuzima, kwa siku inakula kama ampea-saa 40 hadi 50 (ampea-saa ni ampea moja ikivutwa kwa saa moja). Hiyo haina shida gari likitembea. Shida inakuja mkiegesha siku ya mapumziko: betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo ya ampea-saa 100 ina 50 tu za kutumia. Wekeni kikata-umeme kinachozima vitu vya kabini betri ikishuka, ili injini iweze kuwaka asubuhi.

Birika la wati 1000 kwenye volti 12 linavuta zaidi ya ampea 90 ukihesabu na kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Kuchemsha lita moja ni dakika 6 hivi, kwa hiyo betri hailii. Kinacholia ni waya. Watu wanachomeka inveta kwenye tundu la kiberiti cha sigara, ambalo fyuzi yake mara nyingi ni ampea 10 hadi 20. Inveta kubwa ifungwe moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene, fyuzi iwe karibu kabisa na betri, wala si karibu na inveta. Magari mengi ya Ulaya ni volti 24, ampea zinakuwa nusu, lakini usinunue kifaa kabla ya kusoma kibandiko. Kama mmoja wenu anatumia mashine ya kupumulia usiku, chukua inveta ya mawimbi safi.

Baridi: hita ndogo ya dizeli ya kilowati 2 inakunywa kama robo lita kwa saa ikiwa juu kabisa, injini ikiachwa inanguruma inakula lita 3 hivi. Weka king'ora cha gesi ya sumu, kaboni monoksidi, usawa wa kitanda. Jiko la gesi ndani ya kabini hapana.

Mama_Kontena:
Mdogo wangu, ya ndoa. Kanuni ya kwanza: aliye kiti cha abiria hamfundishi aliye kwenye usukani. Anasema pale tu penye hatari, na anasema neno moja fupi mlilokubaliana, kwa mfano "simama". Maoni mengine yasubiri gari liegeshwe. Kanuni ya pili ni pacha wake: yeyote kati yenu akisema amechoka, gari linasimama pahali salama pa kwanza, bila maswali. Mkianza kuulizana "kwani ulilala saa ngapi?", siku nyingine atanyamaza na kuendesha akisinzia.

Makabidhiano ya zamu yawe ya dakika 10 hadi 15 na mshuke wote wawili. Anayepokea azunguke gari mwenyewe: tairi, taa, kiungo cha trela, namba ya sili (lakiri ya kufungia mzigo) mlangoni, na kama ni mzigo wa baridi asome joto kwenye kioo cha mashine ya kupoza asiishie kuambiwa. Apeleke kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kukigusa. Kimoja kikiwa na joto kuliko wenzake, kuna breki iliyong'ang'ania au beringi inakufa. Mambo ya mafuta na barabara ya mbele mnaambiana hapohapo.

Fedha: ulizeni kabla ya kusaini malipo ya kilomita ni ya gari zima au ya kila dereva, na mmoja akiugua gari linafanywaje. Waajiri wengine wanamwingizia mwenye afya dereva mwingine, na hapo mtu mgeni analala kitandani mwako. Mishahara yote miwili inategemea gari moja, likilala gereji nyumba nzima imelala. Akiba ya miezi 3 ni ya lazima. Vyeti vya afya na leseni za wote wawili viandikeni kwenye kalenda moja, maana cha mmoja kikiisha, gari limebaki na dereva mmoja.

Choo: cha kubebeka chenye tangi la lita 10 hadi 20, kifungwe kwa mkanda, kitumike gari likiwa limesimama. Usijinyime maji ili usiombe kusimama. Wanawake wengi wanaishia na maambukizi ya njia ya mkojo, na kukaa muda mrefu bila maji wala kutembea kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Na hili linachekesha mpaka likutokee: kuachwa kituoni. Aliyelala anaamka, anashuka kimya kwenda msalani, dereva anarudi, pazia limefungwa, anaondoka. Anayeshuka aning'inize kofia kwenye usukani.

Bi_Usukani:
Asanteni sana, nimenakili yote. Mama, hiyo ya kofia, je, akitoka na usingizi wake akasahau kuining'iniza?

Mama_Kontena:
Atasahau, usiku wa manane nani anakumbuka kofia. Kwa hiyo kazi ya mwisho ni ya dereva: haachii handbreki mpaka aite jina na asikie jibu kutoka nyuma ya pazia, hata kama anamwamsha. Asiposikia, afungue pazia atazame. Na anayeshuka asitoke mikono mitupu. Weka mfuko mmoja mdogo kwenye ndoano ya mlango, ndani yake simu yenye chaji, kitambulisho na funguo ya pili ya gari, na jaketi la kuakisi juu yake. Namba ya mwenzako iwe kichwani, maana simu inaweza kubaki imechomekwa kwenye chaji kitandani.